Kupima Tope Siku ya Maji Mafu

Kuna watu wanaopima afya ya pwani wakiwa wamesimama barabarani na miwani ya jua. Nimefanya kazi nao, nimekula nao chakula cha mchana, nimebeba ndoo zao. Wanafika, wananusa, wanakunja uso, wanapiga picha chupa za plastiki zilizonasa kwenye mikoko, wanasema "eneo hili limeharibika kabisa," kisha wanauliza ni wapi karibu wanachoma kuku. Siwaheshimu, na sitajifanya nawaheshimu. Mmoja wao nusura aue mahali palipo hai, na silaha yake ilikuwa sentensi moja tu: kwamba pameshakufa.

Nitamfikia. Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana si ngumu kama wanavyotaka ionekane, na yeyote mwenye subira anaweza kuifanya.

Ukitaka kujua kama tope la pwani ni zima au linaumwa, unalaza kamba kuanzia nchi kavu kuelekea baharini. Kila baada ya umbali uleule, unaweka chini fremu ya mraba. Ndani ya ule mraba unahesabu mashimo ya kaa na miche ya mikoko. Kisha unachimba kidogo na kutazama rangi. Juu tope huwa la kahawia, chini jeusi lenye harufu ya yai viza. Kahawia ni sehemu ambayo hewa inafika. Ikiwa nene, tope linapumua, ikiwa nyembamba kama ganda la kitunguu, hali ni mbaya. Mwisho unachota tope, unalisuuza kwenye chekeche na kuangalia kinachobaki kikitikisika. Basi. Jambo pekee la kushika sana ni kwamba wewe huchagui pa kuweka fremu. Hupendelei pazuri wala hutafuti pabaya. Kamba ndiyo inayochagua, kwa sababu kamba haina mteja.

Fremu yangu niliitengeneza kwa bomba jembamba la plastiki nililokatiwa na mafundi wa mtaa wa Gerezani. Chekeche nililichukua dukani kwa mama. Mama anauza vyombo vya plastiki Kariakoo tangu sijazaliwa: ndoo, beseni, jagi, machujio ya kila aina, yamening'inia mlangoni mpaka mteja anaingia ameinama. Wazazi wangu ni watu wa Kilimanjaro, lakini mimi nimezaliwa na kukulia kwenye vyumba vya nyuma ya duka hilo, na majirani zetu wengi ni Waislamu kutoka Lindi na Mtwara. Hilo la majirani litakuwa na maana baadaye kidogo.

"Chukua hili la unga," mama aliniambia siku hiyo.

"La unga litaziba, mama. Nipe la kuchekechea mchele."

Akalitungua kwa fimbo, akalipangusa vumbi kwa khanga, akaniangalia kwa ile huruma anayowapa watu waliotapeliwa. "Yule uliyesoma naye yuko benki. Anakaa kwenye kiyoyozi mpaka anavaa sweta, Dar es Salaam hii. Wewe unachekecha tope."

"Tope lina viumbe, mama."

"Hata Kariakoo ina viumbe. Tena hawa wananunua."

Nilicheka, nikaondoka na chekeche langu kichwani kama kofia.

Kampuni iliyoniajiri kwa kibarua ilikuwa na ofisi ghorofa ya nne, juu ya maduka ya vitambaa. Bosi wangu alikuwa mtu nadhifu mno. Alikuwa na ramani za rangi ukutani, kompyuta mbili mezani, na namna ya kutamka neno "ikolojia" kana kwamba ni mali aliyorithi kwa baba yake. Mikono yake haikuwa na hata mkwaruzo. Mtu anayefanya kazi kwenye mikoko ana mikwaruzo. Ganda la chaza halijali cheo. Nilipaswa kuitazama ile mikono vizuri siku ya kwanza.

Kazi ilikuwa hii. Tajiri mmoja alitaka kujaza kifusi kwenye ufukwe wa tope, mahali kijito kinapoingia baharini upande wa nyuma wa bandari, apate uwanja wa kupangia makontena. Sitakitaja kijito hicho. Wanaokijua watakijua kwa harufu. Ofisi inayopitia maombi ya namna hiyo ilimtaka alete kwanza tathmini ya afya ya eneo. Likionekana limekufa, anajaza. Likionekana hai, anatafuta pengine. Tajiri akatuajiri sisi, na bosi akaielewa kazi kabla hajaisoma.

"Jumanne, saa nne asubuhi," alitangaza.

Ilikuwa Ramadhani. Nilihesabu kichwani. "Bosi, Jumanne ni mfungo wa nane."

"Sasa? Wewe hufungi."

"Ni maji mafu. Saa nne maji yatakuwa yamejaa juu ya tope. Hatutaona kitu."

Nieleze hapa kwa ajili ya wale ambao hawakukulia karibu na bahari. Maji ya bahari yanafuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, linakuja bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na kwetu Dar es Salaam kukupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, saa nne kuelekea saa tano. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari inavuta miguu tu, haiendi mbali, na saa nne ileile maji yapo juu. Kwa hiyo saa hiyohiyo ya asubuhi, kwa tofauti ya wiki moja tu, inakupa tope tupu au inakupa maji. Ni mambo ambayo ukiishi na majirani wanaofuata mwezi unayajua bila kusoma. Kariakoo mwezi wa Ramadhani hata sisi Wakristo tunajua leo ni mfungo wa ngapi, kwa sababu sahani za futari zinapita uani na bei ya ndizi inapanda.

"Tusogeze wiki moja," nilimwambia taratibu, kama ninavyowaambia wanafunzi. "Saa ileile. Mfungo wa kumi na tano tope lote litakuwa wazi."

"Wiki ijayo nina vikao. Bahari haiwezi kunipangia ratiba."

Na huyu mtu alikuwa amefunga. Kila siku saa sita mchana alitangaza mfungo wa ngapi na zimebaki ngapi kufika Idi, huku akiangalia saa kama abiria aliyechelewa. Mwezi aliufuatilia kila siku, akaujua kwa ajili ya futari na kwa ajili ya Idi. Kwamba mwezi huohuo unavuta maji ambayo yeye analipwa kuyajua, hilo halikuwahi kumgonga kichwani. Ujinga wa mtu asiyesoma unarekebishika, nimeurekebisha mara nyingi kwa furaha. Huu wa kwake ulikuwa umewekewa fremu ya kioo na kutundikwa ukutani.

Jumanne tukaenda. Maji yalikuwa mpaka kiunoni mwa mikoko, yametulia, yanang'aa, na chini yake ndiko kulikokuwa na kazi yetu yote. Bosi alisimama juu ya zege la mfereji unaoleta maji machafu kutoka upande wa sokoni, akaitazama bahari kwa hasira kana kwamba imechelewa kazini.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa pembeni anasuka upya kikapu chake. Nilikuja kujua kwamba huchimba minyoo ya chambo kwenye tope lile na kuwauzia wavuvi wa mshipi. Siku za maji mafu hana cha kuchimba, kwa hiyo hutengeneza vifaa. Alitutazama mpaka tukamaliza kushusha vitu kwenye gari.

"Mmekuja kuoga au mmepotea?"

"Tunafanya tathmini, mama," bosi alijibu bila kugeuka.

"Ya nini?"

"Afya ya mazingira."

"Mgonjwa kajifunika shuka mpaka kichwani, daktari. Utampima homa shuka?"

Nilicheka. Bosi hakucheka. Alishuka hatua moja kwenye zege, pale maji ya mfereji yanapomwagikia, mahali pekee palipokuwa na kina kidogo, akanyoosha kidole. "Weka fremu hapa."

Niliweka. Palikuwa na utando wa kijivu, mfuko wa rambo, na vipande vya kitambaa. Hakuna shimo la kaa. Hakuna mche.

"Sifuri," alisema kwa furaha. "Sogeza."

Nikasogeza palepale, ndani ya mtiririko uleule.

"Sifuri. Sogeza tena."

"Bosi, huku ni kupima mdomo wa mfereji. Tope lenyewe liko kule."

"Sampuli ni sampuli."

Nimekuwa mwalimu wa namna moja au nyingine maisha yangu yote ya kazi, na nawaambia: sampuli si sampuli. Ukienda kupima afya ya mtaa mzima ukasimama mlangoni pa chumba cha maiti, utapata matokeo safi kabisa, na yote yatakuwa uongo. Alipiga picha zake, akachota maji kidogo kwenye chupa kwa ajili ya heshima, akaingia garini na kuwasha kiyoyozi.

Nilipokuwa nakusanya kamba ambayo haikufunguliwa, yule mwanamke alinisogelea. Sauti yake ilikuwa imepoteza utani.

"Mdogo wangu, wanataka kufanya nini hapa?"

"Kujaza kifusi, dada. Wapange makontena."

"Mpaka wapi?"

Nikamwonyesha. Alifuata mkono wangu kwa macho mpaka mwisho wa mikoko. Kisha akasema, "Kule nilikokuwa nachimba kwanza pana ukuta. Nikahamia pale penye lile ghala, nako wakaweka geti. Hapa ndipo pamebaki. Wakijaza hapa, mimi nichimbe wapi? Kitandani kwangu?"

Nilimuuliza tu kama nikirudi wiki inayofuata atakuwepo.

"Bamvua? Nitakosaje?"

Nilirudi peke yangu, na bahari ilikuwa imeondoka. Tope lilikuwa wazi mpaka mbali, la kahawia, limejaa vitobo kama mkate wa kumimina. Yule dada alikuwa tayari ameinama na jembe lake dogo, swaumu kinywani, sketi imefungwa magotini. Nilifunga kamba kwenye mkoko wa kwanza karibu na mfereji, nikailaza kuelekea majini, nikaanza.

Karibu na mfereji bosi hakudanganya: hakuna kitu. Tope jeusi juu kabisa, harufu ya kukata pua. Hilo niliandika, na nasisitiza niliandika, kwa sababu kuna aina nyingine ya watu ninaowadharau pia, wale wanaopenda pwani mpaka hawawezi kusema inaumwa. Hawa nao ni mabingwa wa kuchagua pa kuweka fremu. Lakini kamba iliposogea, kahawia ikaanza kuongezeka unene. Mashimo yakatokea, machache, kisha mengi. Kaa wenye gando moja kubwa walikuwa nje wakilipunga, dume kwa dume, wanatishana kama makondakta. Nilipokaa kimya hata wale waliokimbilia shimoni walirudi. Unapaswa kusubiri kidogo kabla ya kuhesabu, na hapo wengi hukosea. Miche ya mikoko ilisimama kwenye tope, majani mawili mawili. Kwenye chekeche la mama walibaki konokono wadogo na minyoo wekundu wakijikunja.

"Unawahesabu?" dada aliniuliza.

"Nahesabu, dada."

"Usinihesabie chambo changu chote. Kesho wavuvi wananisubiri."

Nilimwambia ninachoona: kwamba mahali hapa panaumwa, kwamba asile kitu chochote kinachotoka karibu na ule mfereji, lakini kwamba hapajafa. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jua linawaka.

Bosi aliyapokea matokeo yangu kwa vidole viwili.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Basi hakuna matokeo. Mteja hajaomba hadithi za kaa." Akanisogezea taarifa yake. Sentensi ya mwisho ilisema eneo limepoteza uhai wake wa kiikolojia. "Weka sahihi hapo chini, pa msaidizi."

"Siweki."

"Kwa sababu ya minyoo?"

"Kwa sababu ulipima mfereji. Jina langu litoe."

"Hilo ni rahisi," alisema, akabonyeza kitufe, na kwa kweli ilikuwa rahisi.

Taarifa ikaletwa mbele ya wakazi, siku za mwishomwisho za mfungo, kwenye ukumbi wa serikali ya mtaa. Mbele alikaa afisa kutoka ile ofisi inayopitia maombi, mama wa makamo mwenye daftari na macho yaliyochoka. Tajiri alikuwepo, ananukia. Bosi alionyesha picha zake ukutani, moja baada ya nyingine: utando, rambo, sifuri. Alisema "ikolojia" mara nyingi. Dada wa chambo, ambaye nilimwomba aje na wenzake, alikaa kando yangu nyuma kabisa na mikono imefumbatwa. Kila picha ilipobadilika nilimsikia akivuta pumzi.

Ulipofika wakati wa maswali nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya kamba na fremu, na nikaona hayana haja.

"Ningependa kumuuliza mtaalamu. Siku mliyopima, ulikuwa mfungo wa ngapi?"

Bosi alitabasamu kwa ukumbi. "Swali hilo halihusiani na taaluma."

"Jibu tu," afisa alisema.

"Nadhani... wa nane."

"Na saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Imeandikwa."

Watu walihesabu kwa vidole. Kisha kicheko kikaanzia kwenye benchi la wauza samaki na kupita mpaka mlangoni.

"Saa nne, mfungo wa nane! Maji mafu hayo!"

"Alipima na boya kiunoni!"

"Bosi, na futari ulikuwa unakula saa ngapi?"

Hata afisa aliinamia daftari lake kuficha mdomo. Tajiri alimgeukia bosi na kumuuliza jambo kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza nikaona yule mtu nadhifu akitokwa jasho. Alijaribu kusema kwamba viwango vya kitaalamu havitegemei maji. Alisema hivyo kuhusu ufukwe. Mbele ya watu wa ufukweni.

"Kipimo kitarudiwa," afisa alisema. "Mbele yangu. Bamvua lijalo ni lini?"

Ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja: "Idi!"

"Mheshimiwa," bosi alisema, "siku ya Idi nina wageni nyumbani."

"Basi Idi pili."

Idi pili alikuja amevaa kanzu nyeupe mpya, kofia iliyodariziwa, na viatu vya ngozi. Alifika nusu saa baada yetu na kusimama juu ya zege la mfereji, mahali pake. Afisa alikuwa ameshavua viatu na kuviweka kwenye mfuko. Nilimpa ncha ya kamba aifunge mwenyewe popote anapotaka, ili mtu asije kusema kwamba mimi nimechagua. Akaifunga. Tukaenda kwa miguu, mraba baada ya mraba, mimi nahesabu, yeye anaandika, na kila nilipochimba aliinama kutazama kahawia imefika wapi. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alipochoka kuinama alikuwa anauliza maswali, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayetaka kuelewa, si ya mtu anayetaka kumaliza.

Mbali kabisa, karibu na maji, alichukua chekeche mikononi mwangu, akalisuuza mwenyewe. Aliangalia ndani kwa muda. Dada wa chambo alikuwa hatua chache kutoka hapo, jembe limesimama kwenye tope, hachimbi, anamwangalia afisa usoni.

"Hapa hapajazwi kifusi," afisa alisema. "Nitaandika hivyo leo. Mwenye kesi ni huo mfereji, na hiyo nitaifungua kivyake."

Dada aliinama, akaanza tena kuchimba, haraka, kama mtu aliyepoteza muda mwingi.

Kutoka kwenye zege ilikuja sauti. Bosi alikuwa ameweka viganja mdomoni. "Andikeni kwamba kipimo kimesimamiwa na mimi! Jina langu liwe la kwanza!"

"Shuka basi, kaka," dada alimjibu bila kuinua kichwa. "Njoo usimamie."

Aliinua upindo wa kanzu mpaka kwenye vifundo. Alitazama tope. Kaa mmoja karibu na zege alimpungia gando. Aliushusha ule upindo, akaukung'uta ingawa haukuwa na kitu, akageuka kwenda kwenye gari lake, na afisa akanikabidhi ncha ya kamba tuanze mstari wa pili.